Mayai ya Nekesa

Wasomaji wangu, mdomo wangu umenipotezea mwanafunzi. Mimi ni mwalimu mgeni hapa Bungoma. Nekesa alikuwa na mbio, lakini alichoka upesi mazoezini, nikawa nampa yai la kuchemsha kila asubuhi. Aliniomba nisimwambie mtu; nikadhani anaona haya kupendelewa.

Jumamosi aliwashinda wasichana wa Kitale. Nikasimama mbele ya wazazi nimeshika blanketi, zawadi yake, kifua mbele kama jogoo, nikaeleza polepole kwamba mtoto anayekua huhitaji mayai, kama Nekesa.

Nyanya yake akainuka.

"Ati mayai? Mwalimu, kwetu msichana hali yai! Sasa nani atamuoa? Shule imekwisha. Twende."

Nekesa akamfuata bila kuniangalia. Blanketi aliloshinda lilikuwa bado mikononi mwangu.