Ng'ombe wa Georgette na Ghala la Orimeka

Kila asubuhi, kabla ya chai, Bulonza anatoka mlangoni kwake Muhumba, ndala miguuni na kamera shingoni, anapiga picha moja ya ziwa, anaiangalia, anaifuta. Ziwa liwe limeamka safi au limejifunika ukungu, kwake ni sawa. Anapiga, anafuta, anaingia kunywa chai.

Jirani yake, Maman Yolande, hufagia uwanja saa ile ile, na hajawahi kukosa neno.

"Papa Bulonza, miaka munane unapiga hii ziwa picha, na haujaipatia hata moja!"

"Maman, si ziwa njo ninapiga. Ninaamsha appareil, hii kamera. Iko kama mutoto wa masomo. Usipoiita asubui, italala mupaka midi, saa sita."

Wapiga picha wamejaa Bukavu. Wako wa Place de l'Indépendance, wako wa mlangoni mwa kanisa, na siku hizi kila kijana mwenye simu ni mpiga picha mpaka betri imuishie. Bulonza hagombani nao. Wao wachukue bibi harusi. Yeye anachukua ng'ombe.

Maana katika harusi za upande wa Kabare, bibi harusi anapigwa picha na kila mtu, lakini ng'ombe wa dote, yaani wa mahari, hakuna anayemkumbuka mpaka siku ya ugomvi. Siku hiyo utasikia: alikuwa mweusi, hapana alikuwa wa kahawia, alikuwa na mimba, hapana alikuwa na njaa tu. Basi Bulonza, dote inapotolewa, anapiga picha nne: ubavu wa kuume, ubavu wa kushoto, uso kwa uso, na ya mwisho baba wa bwana harusi ameweka mkono mgongoni mwa mnyama. Kwa ile ya uso inabidi achuchumae, na ng'ombe wengi hawapendi mtu anayechuchumaa mbele yao. Alikwisha kupigwa teke mara mbili. La pili lilimfanya akose misa tatu za Jumapili, na padri akatuma watu kuuliza kama amehamia kwa walokole.

Sasa, picha hizo hakuna mama aliyekubali kuziweka nyumbani kwake. Walisema picha ya ng'ombe wa dote ndani ya nyumba inaita kuachana. Ni kama kununua sanduku la maiti wakati mgonjwa bado anakula bugali vizuri. Kwa hiyo pande zote mbili walimwambia Bulonza neno moja: "Weka kwako." Naye aliweka. Hakuzitoa hata kwenye karatasi, maana nani angezichukua? Akawa mtu wa katikati, anayeshika ushahidi wa watu ambao hawakutaka kuuona.

Lakini "kwako" ilikuwa wapi? Ilikuwa katika Ghala.

Miaka minane nyuma, alipoingia butiki ya kampuni ya Orimeka kwenye avenue kununua kamera, alipokelewa na kijana mmoja wa tai nyekundu, jina lake Gentil, mwenye mdomo wa sukari. Gentil alimuonyesha mashine pembeni ya kaunta. Unachomeka kamera, picha zinapanda, zinakwenda kulala katika Ghala la kampuni, mbali kabisa, ng'ambo ya bahari.

"Papa," Gentil alimwambia, "hata nyumba yako iungue, hata mvua ichukue mulima muzima na Muhumba ishuke mu ziwa, picha zako zitabaki."

Mtu wa Bukavu, ambaye kila majira ya mvua anasikia nyumba za mteremko zimekwenda, ukimwambia neno kama hilo umemshika. Gentil akamfungulia na adresi ya email pale pale, kwa haraka, kwa sababu Ghala lilitaka email. Bulonza hakuuliza ni ya nini. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alipanda butiki, akachomeka kamera, picha zikapanda, kadi ikabaki tupu, akarudi nyumbani mwepesi.

Halafu mambo yakaanza kugeuka, na hakuna aliyetangaza kitu. Kwanza, katika kioo cha butiki, kati ya kamera mbili, kikaonekana kikaango kimoja. Bulonza alifikiri ni cha Ornella, muuzaji wa kaunta, amekisahau. Jumamosi iliyofuata vikaango vilikuwa sita. Halafu zikaja sufuria za umeme, halafu feni. Ukutani kulikuwa na picha kubwa ya mama mmoja wa Ulaya akicheka na kamera ya Orimeka mkononi. Siku moja Bulonza akakuta mama ni yule yule, kicheko ni kile kile, ila sasa ameshika sufuria. Na mashine ya pembeni ikawasha taa nyekundu, ikakataa.

"Ma fille, mashine iko na nini?"

"Kipande yake iko njiani, Papa," alisema Ornella, akipanga vifuniko.

Wiki nyingine fundi ndiye aliyekuwa njiani. Wiki nyingine tena, jibu. Bulonza alinunua kadi ya pili, akangoja. Hakuwa na wasiwasi. Za zamani si ziko Ghalani?

Jumanne moja, Maman Georgette akafika kutoka Katana na kitunga cha viazi kichwani. Bulonza alimkumbuka mara moja: miaka mitano nyuma, harusi ya binti yake Mireille. Georgette alitua kitunga, akakaa, akafuta jasho, akasema bila kuzunguka:

"Ndoa imekufa. Bwana ya Mireille alipata mwengine kule Kalehe. Sasa bakwe banataka ngombe yabo."

"Si muwarudishie tu?"

"Nirudishe nini? Ile banatuletea ilikuwa muzee, ya kahawia, imekonda, ilikufa mbele ya Noëli! Leo Mushagalusa, baba ya kijana, anasema alileta mutamba mweusi, kijana kabisa. Juu ya ile bongo, ile uongo yake, anataka nimupatie Faida yangu."

Faida alikuwa ng'ombe wake wa maziwa, wa pekee. Maziwa ya Faida ndiyo yalisomesha wadogo wa Mireille, na sasa Mireille mwenyewe alikuwa amerudi na watoto wawili wa kunywa.

"Posho, hii Jumamosi, saa tatu, tuko kwa chefu wa localité, mukubwa wa kijiji," Georgette alisema. "Wewe kuya tu na picha. Nilibaambia: tungoje Papa Bulonza. Na Mushagalusa alikubali, mbele ya batu, kama picha njo itakata."

"Hakuna shida, Maman. Iko mu Ghala."

Akala viazi vyake viwili jioni hiyo kwa raha, na asubuhi akapanda butiki. Mashine haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mnara wa sufuria. Ornella akamwita gérant, msimamizi wa butiki, Monsieur Hugues, mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Papa, kampuni ilibadilisha mwelekeo. Sasa tuko jikoni."

"Tangu lini?"

"Hata sisi hatujui vizuri. Hakuna mutu alituandikia. Tuliona tu camion inashusha marmite, hizi sufuria."

"Na Ghala?"

Hugues aliangalia dari, kama Ghala liko huko. "Hiyo waliwaandikia makliya wenyewe, wanunuzi. Angalia mu email yako."

Email! Bulonza alikuwa na email jinsi mtu anavyokuwa na kitovu: anajua kipo, hajawahi kukitumia. Akatafuta namba ya Gentil kwa watu watatu mpaka akaipata. Gentil alikuwa Kalehe, anauza maharagwe kwa jumla.

"Mot de passe, ile neno ya siri?" Gentil alicheka kwenye simu. "Papa, ngoja nifikiri. Kwa makliya wote nilikuwa naweka jina ya fiancée wangu na mwaka."

"Fiancée gani?"

"Ya wakati ule... Jaribu Gisèle."

Bulonza alikuwa ameketi kwenye cybercafé, kidole kimoja kikitafuta herufi. "Gisèle inakataa."

"Basi Merveille."

"Unasema Merveille?" Bulonza aliuliza kwa sauti, maana simu ilikuwa inakatika.

"Papa, usipige kelele! Madame iko hapa karibu!"

Merveille alifungua. Ndani kulikuwa na barua nyingi ambazo hazijawahi kusomwa. Nane zilikuwa za kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Tatu zilikuwa za Ghala, katika Kifaransa cha suti na viatu vya kung'aa. Mpendwa mteja, kampuni inaelekea upeo mpya. Una siku tisini za kuchukua picha zako. Ya pili: siku thelathini. Ya tatu ilisema Ghala limefungwa na vyote vilivyokuwamo vimefutwa, asante kwa kutuamini, usijibu barua hii. Ilikuwa imefika siku kumi na tisa tu nyuma.

Bulonza aliisoma mara mbili. Harusi arobaini na tatu. Mtu aliyekuwa kwenye kompyuta ya pili alimuuliza kama amepata msiba.

"Ndiyo," alisema. "Wa ngombe."

Jumamosi alipanda moto, pikipiki ya abiria, mapema hadi Katana. Georgette alikuwa mlangoni, amevaa kitenge chake, pagne ya Siku ya Wanawake, ile nzuri. Bulonza hakutaka aisikie mbele ya watu.

"Maman, picha haiko. Kampuni ilifuta yote."

Georgette akarekebisha kitambaa cha kichwa.

"Kuya tu. Nilishapika sombe, majani ya muhogo sufuria muzima, nani atakula?"

Kwa chefu viti vya plastiki vilikuwa vimejaa. Faida mwenyewe alikuwa ameletwa, amefungwa kwenye mti wa avoka, anatafuna bila kujua kwamba habari ni yake. Mushagalusa alikuwa mbele, kofia ya kitambaa, fimbo, na nyuma yake bibi yake wa ndoa, Maman Françoise, na watu wao wengi kama wa msafara.

"Nilileta mutamba," Mushagalusa alisema, "mweusi, pembe mbili kama mwezi!"

"Ulileta nyanya ya ngombe!" Georgette akajibu. "Ilikuwa inatembea na kusali!"

Watu wakacheka. Chefu akanyoosha mkono. "Mupiga picha, leta picha."

Bulonza alisimama. "Chefu, picha haiko. Ilipotea kule ilikuwa imewekwa."

Kelele zikaanza. Mushagalusa akatabasamu taratibu, kama mtu anayefungua zawadi, na kijana wake mmoja akaenda kufungua kamba ya Faida. Georgette alishika ncha ya pagne yake.

Bulonza akaona kamba inalegea. Picha hana, lakini magoti yake bado anayo, na magoti yalikumbuka kuchuchumaa mahali pale pale, miaka mitano nyuma.

"Papa Mushagalusa," alisema, "mbele ya kufungua kamba, acha niulize. Siku ile nikiwa nimechuchumaa mbele ya ngombe, si ulikuja nyuma yangu polepole?"

"Labda nilikuja kusalimia."

"Ulisema: mwanangu, usipige kwanza. Pembe ya kushoto ilikuwa imevunjika, ukaona haya. Ukatoa foulard, kitambaa ya kichwa, mu mufuko, ya kijani, iko na msalaba mweupe, ukafunga pale pembe ilikatika. Ukaniambia, batu bakiuliza, tuseme ni maua ya harusi."

"Mwongo huyu!" Mushagalusa akasimama. "Foulard gani? Mimi sikuwahi kuwa na foulard ya kijani!"

"Na ile ngombe," Bulonza akaendelea, "ilivuta kichwa, foulard ikaanguka, ikaikula yote."

Hapo nyuma kiti kikaanguka. Maman Françoise alikuwa amesimama, mikono kiunoni.

"Foulard yangu ya chorale! Kijani na msalaba! Mushagalusa, uliniambia upepo ya ziwa njo ilibeba! Wiki nzima nilitembea ku mwambao nikiitafuta! Niliimba Pasaka kichwa wazi!"

"Maman Françoise, tuko mbele ya chefu..."

"Mbele ya chefu njo vizuri! Chefu, andika! Alilisha ngombe foulard yangu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakashika miti. Chefu mwenyewe aligeuka kukohoa. Alipopata sauti, alikata maneno: ng'ombe wa pembe moja, mzee, amekwisha kufa, hawezi kurudi kijana. Georgette atoe mbuzi mmoja kwa heshima, na yaishe. Kijana wa Mushagalusa akafunga kamba upya, na Georgette akamwendea Faida akamkwaruza shingoni, hapo nyuma ya sikio, bila kumuangalia mtu yeyote. Sombe ililiwa na pande zote mbili, isipokuwa Mushagalusa, ambaye alipewa sahani na bibi yake bila kijiko.

Njiani kurudi, nyuma ya moto, Bulonza alijaribu kuwakumbuka wengine. Yule mwenye doa jicho la kuume, wa Bagira. Yule aliyelamba lenzi. Yule wa mapacha. Alipofika tisa, wakaanza kuchanganyika, mkia wa huyu kwa kichwa cha yule. Waliobaki walikuwa arobaini na wawili, na hakuwakumbuka hata robo yao. Familia zao zote zinalala usingizi, zinajua Papa Bulonza ameshika.

Jumatatu akapanda butiki. Hakutaka kugombana. Alitaka karatasi moja tu, yenye muhuri, inayosema Ghala lilifungwa na nani na siku gani, apite nayo nyumba kwa nyumba, awaambie watu ukweli kabla ugomvi haujawafikia.

"Karatasi kama hiyo haiko, Papa," Hugues alisema kwa upole. "Kampuni haikufunga kitu. Ilibadilisha mwelekeo. Lakini wewe ni kliya wa miaka munane! Tuko na bon yako, karatasi ya punguzo, kwa marmite ya umeme. Ornella, patia Papa fomu."

Ornella alileta fomu, kalamu na kiti. Bulonza aliketi. Aliandika jina. Aliandika Muhumba. Ornella aliinama juu ya bega lake, akamuonyesha mstari wa tatu.

"Hapa, Papa, adresi ya email. Ama nikufungulie mupya? Ni dakika mbili tu, mot de passe nitakuchagulia."

Bulonza aliuangalia mstari ule. Kisha akaweka kalamu juu ya fomu, polepole isianguke, akasimama, akavuta shingoni mkanda wa kamera, yenye ile kadi ya pili ya picha mpya.

"Ninakuja," alisema, kama mtu anayekwenda kununua unit za simu.

Akapita kati ya feni na sufuria, akafungua mlango wa kioo, akakata kuelekea Nyawera, ambako kuna vijana wanaotoa picha kwenye karatasi na kukupa mkononi zikiwa bado za moto. Ornella aliweka fomu chini ya kifuniko kimoja kizito ili upepo wa feni usiipeperushe, akamngojea mpaka saa ya kufunga, na kesho yake pia kidogo.

Hakurudi.