Sofbodi Juu ya Sakafu Safi

Siku ile, mwanangu, naikumbuka kwa harufu yake. Nilifungua mlango wa nyumba mpya ya mama yangu, nje kidogo ya mji wa Kakamega, nikakutana na harufu ya uyoga mahali pasipo na uyoga.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya uhuru. Nilikuwa mwalimu kijana, na kila aliyeanza kupata mshahara alitaka kumtoa mzazi wake kwenye nyumba ya nyasi, amweke chini ya bati. Nyumba ya zamani ya mama ilikuwa imeliwa na mchwa upande mmoja, nguzo zimelala. Hata hivyo alikataa kuhama. Joto la bati mchana na baridi yake alfajiri angevumilia. Shida yake ilikuwa mvua, na wewe unaijua mvua ya kwetu, karibu kila alasiri iko.

“Ikinyesha juu ya bati, mgeni atabisha mpaka mkono uchoke, nisimsikie,” alisema. “Ataenda akisema nina maringo siku hizi kwa sababu nimezaa mwalimu.”

Fundi Hamisi, mzee wa Mumias aliyekuwa akitujengea, ndiye aliyepata dawa. Chini ya bati tupigilie sofbodi, zile bodi nene, nyepesi, za nyuzi za mbao zilizoshindiliwa. Hupunguza joto na baridi, na kelele pia huzimeza. Mama akakubali kwamba dari ikikamilika, atahama. Bodi kumi na mbili zikaja kwa lori kutoka Kisumu siku ya Jumatatu. Fundi alikuwa na kazi kwao mpaka Ijumaa, akaniachia agizo moja: “Mwalimu, ziweke mahali safi, pakavu.”

Nilisikia neno la kwanza. Kwetu sakafu safi ni iliyosiribwa upya. Nilichanganya samadi ya ng'ombe na udongo, nikapiga magoti, nikasiriba chumba kizima. Jioni, sakafu ikiwa bado baridi mkononi, nikazilaza bodi juu yake, nikazifunika turubai na kulikaza pande zote. Nilirudi shuleni nikijisifu.

Ijumaa Fundi alifika. “Salaam aleikum,” alisema, mama akamwitikia. Akavuta turubai, akanusa.

“Mwalimu, hebu inua hiyo ya chini.”

Niliinua. Kona ilibaki mkononi mwangu, laini kama obusuma, ugali wetu, uliolala usiku kucha ndani ya maji.

“Bodi hii inakunywanga kuliko mlevi,” alisema Fundi. “Na wewe umeipelekea pombe mpaka kitandani, ukafunga na mlango isitoke.”

“Lakini mzee, sakafu ilikuwa safi.”

“Safi ilikuwa. Neno la pili uliliacha wapi?”

Mama akacheka. “Anafundisha watoto kusoma, yeye anasomanga nusu ya mstari.” Lakini macho yake yalikuwa juu, kwenye bati tupu.

Tano zilikuwa zimeharibika kabisa. Saba zilizosalia Fundi alizipanga upya mbele yangu, bila haraka, ili nione. Alilaza vipande vinne vya mbao sakafuni, bodi juu yake, na vijiti vyembamba kati ya bodi na bodi. Aliziweka mbali na ukuta, kwa sababu udongo wake nao ulikuwa haujakauka vizuri. Turubai alilifunika juu tu, pembeni akaacha hewa ipite. Tulifungua milango kila asubuhi kwa wiki mbili. Dukani hazikuwapo nyingine, na nguzo za nyumba ya zamani zilizidi kulala.

Saba zilitosha chumba cha kulala. Sebule ilizishinda.

Mama aliangalia dari ile nusu, akafikiri. “Basi wageni watakaa kitandani,” akasema, akahama.

Na ndivyo ilivyokuwa kwa miaka mingi. Tone la kwanza likigonga bati, mama aliwaongoza wageni wake chumbani, shemeji, mchungaji, yeyote yule, wakaketi kitandani wakipiga soga. Mtu mmoja ilibidi abaki sebuleni, sikio mlangoni, asikilize kama kuna anayebisha. Mtu huyo, nikiwa nyumbani, nilikuwa mimi.

Mwanangu, nyinyi sasa mnanunua mablanketi ya nyuzi za kioo na mabamba ya povu ya kuweka chini ya paa, lakini maji ni yale yale. Usivilete nyumbani kabla paa halijaezekwa na sakafu haijakauka. Viinue kutoka chini, vilaze sawasawa, usiviegemeze ukutani wala kuvipandia mizigo. Vifunike, lakini viache vipumue, na povu likae mbali na jua na moto. Fundi akikuachia agizo, mrudishie kwa mdomo wako neno kwa neno kabla hajaondoka. Mimi ningefanya hivyo, mama angepokea wageni sebuleni.

Mungu akupe nyumba ambayo mvua ikinyesha kwa nguvu zake zote, utamsikia mgeni akibisha, na utakuwa na pa kumketisha.