Herufi Moja Katika Jina la Mama

Kazi yangu ni kutengeneza tovuti, na kwa muda mrefu niliamini kwamba nazitengeneza mimi. Nimepanga chumba hapa Matisi, mjini Kitale, juu ya duka la vyakula vya kuku, na wateja wangu ni watu wa kawaida: shule, kanisa, saluni, muuza vipuri. Mteja akisifu ukurasa, nilikuwa naipokea sifa yote bila kumega hata kidogo. Ukweli ni kwamba vitufe, orodha, kalenda na visanduku vya kuandikia nilivitoa kwenye maktaba ya pamoja iliyo katika intaneti. Humo watu wa nchi mbalimbali huweka vipande vya kurasa walivyotengeneza, na yeyote anayevitaka huvichukua bure. Mimi nilikuwa wa kuchukua tu.

Siku moja kitufe kimoja kilinisumbua asubuhi nzima. Hasira zangu huwa haziko mbali, basi nikafungua msimbo wake, yale maandishi yanayokiendesha, nimwone huyo fundi aliyeniharibia siku. Nilitarajia mistari mitano hivi. Nilikuta kurasa na kurasa. Mtu mmoja alikuwa amemfikiria asiyeona, ambaye simu humsomea kilichoandikwa. Mwingine alimfikiria mwenye mkono unaotetemeka, anayebonyeza mara mbili bila kutaka, akaandika kando kwamba hiyo ihesabiwe mara moja. Mwingine tena alikumbuka kwamba kuna watu wanaoandika kutoka kulia kwenda kushoto. Yote haya kwa ajili ya kitufe kimoja! Na kosa, kumbe, lilikuwa langu. Nilikaa pale nikisoma, chai ikapoa, nikashangaa jinsi watu wasiojuana walivyoketi kumhurumia mtu wasiyemjua. Sijawahi kukitazama kitufe vilevile tena.

Ndiyo maana yaliyotokea mwaka huu yaliniuma.

Chama kimoja cha wakulima huko Bungoma kiliniomba ukurasa rahisi. Mkulima aandike jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia, aone kama yumo katika orodha ya watakaopata mbegu ya mahindi, kisha abonyeze Thibitisha. Asiyethibitisha kufikia Ijumaa, mfuko wake ungepewa mwingine. Kisanduku nilikitoa maktabani, kama kawaida yangu. Mama yangu, anayelima huko Sirisia, ni mwanachama wa chama hicho, kwa hiyo siku ya Jumanne nilimpigia simu nikijua nitasifiwa.

"Umethibitisha, mama?"

"Nilijalibu. Imekataa."

"Imekataa aje?"

"Inasema hakuna. Nimejalibu mala tatu, inasema tu hakuna. Si basi, wamenitoa."

"Nani amekutoa?"

"Sasa hiyo mimi nitajulia wapi? Kompyuta ndiyo imesema. Nitapanda ile mbegu ya zamani, hata kama mwaka jana ilinipatia vigunzi tu, bila punje."

Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma. Alijua kwamba ukurasa ule ni wa mwanawe, basi ukurasa uliposema hayupo, alikubali kwamba hayupo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Nikafungua orodha. Jina lake lilikuwamo, safi kabisa, isipokuwa herufi moja. Yeye huliandika kwa L. Karani wa chama aliandika R. Upande wetu wa Bungoma, L na R ni kama ndugu wanaovaliana nguo. Leo huyu yuko na shati la yule, kesho amelirudisha. Kitale nimechekwa sana kwa sababu hiyo. "Ati unaenda kula ama kura, bana?" Karani aliandika alivyosikia, na Mama alitafuta anavyoandika. Kisanduku kilichowafikiria watu wa dunia nzima hakikuwa kimetufikiria sisi.

Ningeweza kupiga simu ofisini jina la Mama lirekebishwe. Lakini ni wangapi wengine walisoma "hakuna" wakaweka simu chini na kurudi shambani, na hawana mtoto wa kuwapigia? Ningeweza pia kunakili kisanduku na kukishona mwenyewe. Hilo nilishawahi kulifanya na kipande kingine, na maktaba iliporekebishwa changu kikabaki nyuma na kasoro zake. Nikajipa mpaka Alhamisi saa sita mchana. Kabla ya hapo ningeiomba maktaba ipokee mabadiliko yangu; wakikataa, ningenakili.

Mchana ule nikaandika. Wazo lenyewe lilikuwa dogo: mwenye ukurasa aweze kutaja herufi ambazo kwa watu wake huhesabiwa kuwa moja. Maelezo yaliyoambatana nalo niliyaandika kwa Kiingereza mara nne, nikiyafuta kila mara. Niliogopa watanicheka. Sikuwa nimewahi kuwapa watu wale kitu chochote.

Jumatano asubuhi jibu la kwanza likaja, kutoka kwa mmoja wa wanaoitunza maktaba. L na R ni herufi mbili tofauti, alisema. Kwa nini kisanduku kizichanganye? Niliandika majibu makali, ya kumwonyesha kwamba dunia haianzi wala kuisha mlangoni kwake. Nikashuka chini, nikanunua maji, nikarudi nikayafuta. Badala yake nikaandika: "Mama yangu huandika jina lake kwa L. Aliyemsajili alisikia R. Hakuna aliyekosea. Ila kisanduku kinamwambia mama yangu hayupo."

Kisha wengine wakaanza kuingia. Mmoja, wa Asia ya mbali, akasema kwao pia L na R huwatatiza watu, na kwamba amesubiri kitu hiki kwa muda mrefu. Mwingine akasema kwao ni B na V. Mwingine akaona kwamba nilisahau herufi kubwa, akanirekebishia kwa upole, wala hakunifanya nijione mjinga. Yule wa kwanza akarudi: "Hili sikulijua. Asante kwa kutueleza." Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza mandazi yangu, mabadiliko yakapokelewa. Mistari yangu michache, iliyozaliwa kwa sababu ya karani na mkulima wa Sirisia, sasa imo katika kile kisanduku, na mahali fulani bibi wa mtu mwingine atalitafuta jina lake na kulipata. Sikujua furaha inaweza kumwogopesha mtu hivyo.

Nikauhuisha ukurasa wa chama, nikaiomba ofisi iwatumie wanachama wote ujumbe wajaribu tena, kisha nikaenda Sirisia siku hiyohiyo. Nilimkuta Mama uani akipukuchua maharagwe. Nikampa simu.

"Andika tena."

"Kwani wameniludisha?"

"Wewe andika tu, mama."

Akaandika polepole, kwa L yake. Jina likatokea, kwa R. Akalitazama kwa muda mrefu, nami nikaanza kumweleza kuhusu karani na herufi, na kwamba huyo ni yeye, asiwe na wasiwasi. Akainua mkono kunikatiza.

"Baba yangu ndiye alikuwa ananiita hivyo," akasema. "Hii ingine ya L ni ya mwalimu. Aliniandikia siku ile naingia dalasa la kwanza, na mimi nikaishika."

Babu alifariki kabla sijazaliwa. Sauti yake siijui, na sikuwahi kuuliza alikuwa akimwitaje bintiye.

"Soma nisikie," Mama akasema.

Nikalisoma kwa sauti, kwa R, kama lilivyoandikwa.

"Ludia."

Nikarudia. Ndipo akabonyeza Thibitisha.