Bango Ndani ya Kichwa cha Askofu

Ersilia Bertuccelli aliuza tiketi za treni pale Viareggio, mji wa pwani ya Italia, miaka thelathini na minne, na yeye mwenyewe hakwenda popote. Safari zake zilikuwa ukutani. Alikuwa na mabango ya kanivali, ile sherehe ya mitaani kabla ya Kwaresima, ya kila mwaka tangu Vita Kuu ya Pili viishe: sebuleni, jikoni, hadi chooni, ambako mchekeshaji wa 1961 alimkodolea macho kila mgeni mwenye haja.

Lilikosekana moja tu, la 1954.

"Hilo halikuwahi kuwepo," walimwambia wauzaji wa vitu vya kale. Walikosea sana. Mwanamke yule ukimwambia kitu hakipo, umempa kazi ya kufanya.

Alihoji wazee wote wa mjini, nusura agonge na makaburi. Mwishowe akafika kwa Amedeo, fundi aliyemaliza ujana wake akipaka karatasi kuukuu gundi ya unga na kuzigeuza majitu ya kanivali.

"Fundi, la hamsini na nne lilikwenda wapi?"

Amedeo alicheka mpaka meno ya bandia yakamcheza. "Wee bibi! Mpiga chapa alikosea tarehe. Alitangaza ngoma Ijumaa ya Kwaresima!"

"Mama yangu!"

"Mapadri waliruka utadhani wamekalia siafu. Mabango yakakusanywa yote kabla ya kubandikwa, tukaletewa mafundi. Karatasi ya bure! Basi sisi na adabu zetu tukatengeneza nini? Askofu."

Kichwa cha huyo askofu kilikuwa bado bandani kwa fundi, kipana kama kitanda cha maharusi. Amedeo alifichia mvinyo humo. Ersilia akapiga magoti, akajipenyeza shingoni na tochi yake. Shavuni, kwenye kipande cha bango, aliona mguu unaocheza. Puani, tarumbeta. Na juu, penye ubongo, bango zima, halina hata mkunjo.

"Lipo!" sauti ilitoka mdomoni mwa askofu. "Fundi, niletee maji ya moto na kisu."

"Kisu anza nacho shingoni mwako! Majitu yangu mengine yote yalichomwa moto, huyu ndiye aliyebaki. Beba kichwa kizima, au toka."

Miaka ishirini ya kutafuta, na sasa lipo umbali wa ukucha. Amedeo alisikia ukucha huo ukikwaruza kidogo, ukaacha.

"Hivi," ikauliza sauti, "dirisha langu lina upana gani?"

Ilibidi fremu ing'olewe. Sofa ikahamia kwa dada yake.

Kwaresima ilipofika, padri akaja kubariki nyumba, akakuta sebule imejaa.

"Nini hiki, Bi Ersilia?"

"Mkubwa wako, Padri. Piga magoti uingie."

Akaingia. Mlangoni majirani walikuwa wamejipanga, kila mmoja na tochi yake.

"Padri, toka basi, na wengine tupo!"

"Subirini," askofu akajibu. "Bado nasoma."