Video ya Mashuka

Kwenye chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa Mama Mvuke, kwa sababu miaka kumi na tisa alisimama mbele ya mashine ya kunyooshea mashuka, na ule mvuke uliowakimbiza wenzake wawili yeye alishauzoea kama jirani msumbufu. Mumewe aliondoka zamani, tena bila ugomvi. Alisema anakwenda kutafuta kazi, na labda bado anaitafuta. Alimwachia binti mmoja. Binti huyo sasa alikuwa chuoni akisomea utengenezaji wa video, na Mama Mvuke aliitaja kozi hiyo polepole, neno kwa neno, kila alipoulizwa na hata asipoulizwa.

Muhula wa mwisho kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza video ya wimbo. Binti alimpata mwimbaji, mwanafunzi mwenzake mwenye sauti nzuri na viatu vingi. Mahali pa kupigia picha ndipo hakuwa napo.

"Mama, pale kwenu kuna yale mashuka meupe yanayoning'inia. Na ule mvuke."

"Pale ni kazini, mwanangu, si bustani."

Lakini kesho yake akamfuata msimamizi, mwanamume asiyetoa ndiyo mpaka aombwe mara tatu. Akamwomba mara nne. Akapewa Jumapili moja, saa mbili tu, kwa sharti kwamba zamu zote za sikukuu mwaka huo zitakuwa zake. Akakubali.

Siku ya kupiga picha mwimbaji alishika shuka kama aliyepewa mtoto wa watu, hajui amweke begani au mapajani. Binti akamwambia mama yake asimame pale afanye kazi kama siku zote, kamera ipate kitu. Mama Mvuke akakung'uta, akakunja, akapanga. Mara moja alijisahau, akaitazama kamera, akacheka.

Jumamosi iliyofuata, mchana, binti akaweka kompyuta juu ya meza ya chakula akamwonyesha video ikiwa bado mbichi. Ilikuwa inajikokota, picha nyingine zimepinda, na mwimbaji alifungua mdomo wakati sauti imeshapita. Lakini sura ya Mama Mvuke ilikuwamo, imejaa kioo chote, inacheka. Hakujua kama bado analo cheko lile.

"Sema ukweli, mama. Kasoro iko wapi?"

Mama Mvuke akaomba irudishwe mwanzo. Akaitazama tena huku anagonga meza kwa kidole.

"Mmelikata shuka kabla halijalia," akasema. "Sisi tunakung'uta mara mbili. Ile ya pili ndiyo inayolia, pwa! Ipeleke pale ngoma inapopiga. Na huyu mwenzako mwondoe hapa anaposhika shuka, anatuaibisha. Weka mikono yangu, nani atajua?"

Binti akasogeza picha kidogo, akairudisha nyuma, akaisogeza tena. Pwa. Ikakaa juu ya ngoma kama kifungo kwenye tundu lake. Akamkumbatia mamaye shingoni bila kuondoa macho kwenye kioo. Wakakaa hivyo hadi alasiri, mmoja anakata, mwingine anasema bado, bado, hapo hapo. Mama Mvuke hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alifanya kazi akiwa ameketi.

Siku ya maonyesho ya video hizo chuoni binti alisema, "Usihangaike, mama, ni mambo ya chuo tu." Mama Mvuke alidhani anaonewa huruma kwa uchovu. Akabadilishana zamu, akavaa gauni lake la heshima, akaenda na mwenzake wa meza ya kukunjia. Wakaketi nyuma.

Video ilikuwa nzuri, hilo hakuna wa kulipinga. Mashuka yalilia na ngoma, na ukumbi mzima ukatikisa vichwa. Mikono ikakung'uta, ikakunja. Sura haikuja.

"Mbona huonekani?" mwenzake akanong'ona.

"Mikono ile ni yangu."

"Nitaijuaje? Mikono haisemi."

"Ilikuwa ndefu. Lazima wakate."

Walipokuwa wanatoka, mwalimu wa uhariri akamsimamisha mlangoni.

"Samahani, mama. Si wewe yule wa mashuka, niliyemwona kwenye video ya mwanzo?"

"Ndiye mimi."

"Nilisikitika kukupoteza. Ile picha unayocheka, nilimwambia mwanafunzi kwamba hiyo ndiyo video yenyewe. Akanieleza kuwa ulikataa sura yako kuonyeshwa. Ni haki yako, sikulaumu."

Akatazama ndani ya ukumbi. Bintiye alikuwa kati ya rafiki zake, amemwona, amesimama wima na glasi mkononi. Hakusogea. Hakupunga hata mkono.

Mama Mvuke akajikaza kisabuni. "Ndiyo," akamwambia mwalimu. "Nilikataa."

"Mnafahamiana naye?"

"Alikuja kazini kwetu siku moja."

Mwenzake alifungua mdomo, akafinywa mkono, akaufunga. Walipofika barabarani ndipo akauliza, "Umemkana mwanao?"

"Nimemsitiri."

"Na yeye je, amekufanya nini?"

Mama Mvuke akaongeza mwendo. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na yeye hakutaka kumgawia mtu.

Binti alirudi jioni, akasimama mlangoni na mkoba begani.

"Mama, video ilikuwa ndefu, ikabidi—"

"Shuka limelia vizuri," mama akasema. "Chakula kiko mezani."

Binti alikula akisubiri kuulizwa. Hakuulizwa. Alipata alama za juu darasani, akapata kazi kwa watu wanaopiga video za matangazo, akahamia chumba chake. Sikukuu zote za mwaka ule Mama Mvuke alikuwa kwenye mashine. Binti hupiga simu Jumapili, na mara mbili ameanza, "Mama, ile siku ya maonyesho…" Mara zote mbili Mama Mvuke amesema ana kitu jikoni, akakata simu, kisha akabaki ameketi palepale alipokuwa.