Sukuma kwa Kituruki

Shangazi yangu alikuwa mkunga, na alikuwa na sauti. Naanza na sauti kwa sababu watu wengi waliijua kabla ya kumwona mwenyewe. Ukipita nje ya ukuta wa hospitali, upande wa wodi ya wazazi, ulimsikia: "Sukuma, mwanangu! Sukuma!" na wenye mikokoteni barabarani wakaongeza mwendo bila kujua kwa nini. Wauza matunda wa pale getini walimbandika jina la Honi. Kwa muda alilichukia, kisha akaanza kuliitikia.

Umbo lake halikuendana kabisa na sauti hiyo. Mikono midogo, miguu midogo, kandambili alinunua za watoto. Wanawake waliokuja kujifungua mara ya kwanza walimwona akiingia wakadhani ni mtu wa kupiga deki, mpaka afungue mdomo. Mume wake alikuwa fundi seremala, mkimya, mtu wa kuongea na mbao kuliko watu. Yeye alipenda kusema kwamba alichumbia sauti: aliisikia nyuma ya ua, akaipenda, na siku alipokwenda kumwona mwenyewe alidhani aliyetoka kumkaribisha ni mdogo wake.

Mambo ya lugha yalianza barabara kuu ilipoanza kujengwa. Kampuni zikaja, na kampuni zikaja na watu wa kila namna: mainjinia, wapima ardhi, madereva wa mitambo. Wengine walikuja na wake zao, na watu hawaachi kupata mimba eti kwa sababu wako ugenini. Hospitali ya karibu ilikuwa hiyo hiyo ya shangazi.

Mgeni wa kwanza alizungumza Kireno tu. Siku hiyo daktari wa zamu alikuwa kijana mtanashati, wa kuvaa tai hata leba. Yeye na shangazi waliamini jambo moja: kwamba mgeni yeyote lazima anajua Kiingereza. Basi wakati ulipofika wakamwinamia, mmoja huku, mwingine kule, wakaanza kwa pamoja: "Pushi! Pushi!"

Mama wa watu akawatazama kwa mshangao. Akauliza kitu, hakuna aliyeelewa. Wakazidisha: "Pushi!" Basi akanyoosha mkono, akakamata kitu cha karibu, nacho kilikuwa tai ya daktari, akavuta.

Kumbe kwa Kireno neno linalosikika hivyo hivyo maana yake ni vuta. Na yule mama alikuwa mtiifu. Kadiri walivyompigia kelele ndivyo alivyovuta, na daktari naye, macho yamemtoka, aliendelea kusema "pushi" kwa sauti ya mtu anayeaga dunia. Ilibidi shangazi aikate tai kwa mkasi wa kitovu. Mtoto alizaliwa salama, na daktari akapona, ila tangu siku hiyo aliingia leba shingo wazi.

Shangazi akaapa kwamba hatabahatisha tena. Kila mgeni aliyekuja kliniki, tumbo likiwa bado dogo, alimkalisha kwenye benchi akamuuliza kwa maneno, kwa vidole, kwa vyovyote vile: "Kwenu, sukuma mnasemaje?"

Alikusanya maneno hayo kama wengine wanavyokusanya vikombe vya kabatini. Hakuandika hata moja. Aliyarudia jikoni akikata vitunguu, mpaka jirani akauliza kama kuna mgeni. Mke wa mpima ardhi, Mfaransa, alimpa "puse". Mama mmoja wa Kiarabu akampa "idfai". Kilichomshangaza ni kwamba wengine hawasukumi kabisa. Kwa Kihindi aliambiwa useme "zor lagao", yaani tia nguvu. Kwa Kichina ni "yongli", tumia nguvu. Na yule mama wa tai, aliporudi na mimba ya pili, alimfundisha kwamba kwao mkunga anapiga kelele neno moja tu, "forsa", nguvu, basi.

"Hawa hawaambiwi wafanye nini," shangazi alilalamika kwa mumewe. "Wanaambiwa nguvu tu. Sasa nguvu waipeleke wapi?"

"Wanajua pa kuipeleka," fundi akajibu, penseli iko sikioni.

Kisha wakaja Waturuki.

Wa kwanza alikuwa mke wa injinia wa madaraja. Aliletwa ghafla, siku zake hazijatimia vizuri, na kwenye benchi ya shangazi hakuwahi kukaa. Mumewe, bwana mrefu mwenye masharubu, alibaki mlangoni amekumbatia begi la nguo za mtoto utadhani mtoto keshazaliwa humo ndani. Shangazi akatoka leba mbio kumfuata. Kiswahili hana. Kiingereza hana. Shangazi akaona hapa ni kutumia mwili. Akauegemea ukuta wa korido kwa mikono miwili, akausukuma, akakunja uso, akaguna, kisha akamgeukia.

"Hii! Hii kwa Kituruki ni nini? Hii!"

Bwana akautazama ukuta. Akamtazama shangazi. Akaurudia ukuta, akaukagua toka chini mpaka kwenye dari. Jasho likamtoka.

"Bilmiyorum," akasema, akitikisa kichwa. "Bilmiyorum, bilmiyorum!"

"Bilmiyorum," shangazi akarudia. "Refu, lakini tamu." Akarudi ndani.

Mtoto alizaliwa haraka kuliko alivyotegemea. Shangazi akatoka amechangamka, akawaambia manesi wenzake kwamba duniani hakuna lugha yenye sukuma nzuri kama Kituruki. Linaanza midomo imefungwa, alisema, linapasuka, halafu linakwenda mpaka pumzi iishe. Ni neno lililotungwa na mtu aliyewahi kuzaa.

Wake wa Kituruki waliendelea kuja, na kila mmoja alilipata neno lake kwa sauti kamili, huku shangazi akimpigapiga shavu na kumtabasamia. Wote walijifungua salama. Huko nje wauza matunda nao walilishika, mkokoteni ukikwama kwenye tope, walimpigia mwenye mkokoteni kelele: "Bilmiyorum, kaka! Bilmiyorum!"

Yote hayo yalivurugika alipokuja mke wa dereva wa katapila. Huyu hakukaa kwenye nyumba za kampuni. Walipanga mtaani, uani kwa fundi cherehani, na Kiswahili alikuwa amekiokota bombani na sokoni, cha kutosha kabisa kugombana na mtu. Kliniki alihudumiwa na mkunga mwingine, kwa hiyo shangazi alipomkuta kitandani alijua jambo moja tu: Mturuki. Akavaa glovu, akavuta pumzi.

"Bilmiyorum!"

Mwanamke akafumbua macho.

"Bilmiyorum, mwanangu! Bilmiyorum!"

"Hujui nini?" mwanamke akauliza kwa Kiswahili, anahema.

Shangazi alishtuka, lakini kichwa cha mtoto kilishaanza kuonekana na hakuwa na nafasi ya maongezi. "We bilmiyorum tu! Bilmiyorum!"

"Mama, hujui? Wewe ndiye mkunga! Kama wewe hujui, nani anajua?"

"Sijui nini? Nimesema sijui mimi? Nakwambia bilmiyorum!"

"Ndiyo hiyo! Hiyo ni 'sijui'! Kituruki, 'sijui'! Unanipigia kelele 'sijui, mwanangu, sijui'!"

Nesi aliyeshika taulo ndiye aliyeanza. Kicheko kilimtoka puani kwanza. Kisha mama mwenyewe akapatwa. Alicheka kwa tumbo lote, na tumbo lile wakati huo lilikuwa na shughuli nyingine. Kila akicheka, mtoto anashuka. Akijizuia, mtoto anatulia. Shangazi aliona lile jambo mara moja, na kazi ni kazi, aibu ikasubiri nje.

"Cheka, mwanangu!" akapaza sauti. "Usiache! Cheka!"

Mtoto wa kiume akatoka. Chumbani mle alikuwa peke yake anayelia.

Baadaye, mama amekaa na kikombe cha chai, shangazi akarudi na kusimama miguuni pa kitanda.

"Hebu niambie. Wenzako niliowazalisha wanasemaje?"

"Wanakusifu, mama. Wanasema pale kuna mkunga mdogo, mikono yake mizuri sana. Hajui kitu, lakini hafichi."

"Hafichi?"

"Mmoja alikuuliza kama umewahi kufanya kazi hii. Ulimwambia hujui."

Shangazi akashika chuma cha kitanda.

"Mwingine alikuuliza kama atakufa."

"Nikasemaje?"

"Hujui. Ulisema mara nyingi. Halafu ukampigapiga shavu ukacheka naye."

Shangazi akakaa chini, na kiti hakikuwepo. Nesi wa taulo ndiye aliyemwinua.

Kuanzia siku hiyo Honi ikazima. Alifanya kazi kwa vidole na kwa macho, kimya kama mtu aliyefiwa, na kimya chake kikaleta balaa kuliko makelele. Ndugu waliosubiri nje, wasiposikia sauti, walidhani mambo yameharibika ndani, wakaanza kulia mapema. Mganga mkuu alimwita akamuuliza kama koo linamuuma. Nyumbani fundi seremala alivumilia, mpaka siku moja akaweka nyundo chini.

"Mama watoto, umenyamaza mpaka nasikia mchwa wakila dirisha. Kuna nini?"

Akamweleza yote. Fundi alisikiliza bila kucheka, na kwa kweli hilo lilimgharimu, maana masharubu yalimchezacheza.

"Sasa wewe ulikuwa unajua?" akauliza.

"Kujua nini?"

"Kama yule mama atapona. Ulikuwa unajua?"

"Nani anayejua mambo hayo?"

"Basi hukudanganya mtu."

Shangazi akamrushia kitambaa cha vyombo. Lakini kesho yake alivaa gauni la sikukuu, akanunua ndizi na machungwa, akampitia mke wa dereva wa katapila, aliyembeba mwanawe mgongoni, wakaenda pamoja nyumba za kampuni kwa mke wa injinia wa madaraja. Alitaka kuomba radhi kuanzia wa kwanza.

Mke wa injinia aliwakaribisha vizuri. Mwanawe sasa alikuwa anatembea, anang'oa kila kitu mezani. Mke wa dereva akatafsiri, na alipofika kwenye "sijui" mwenye nyumba akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Kisha akaanza kuongea, akaongea sana, akionyesha mlango, akionyesha tumbo.

"Anasema alikuuliza bado sana? Hujui. Daktari yuko wapi? Hujui. Mume wangu yuko wapi? Hujui, na meno yote nje. Anasema akaona huyu bibi hana msaada wowote, hii kazi ni yangu peke yangu. Akasukuma kwa hasira. Anasema ndiyo maana haikuchukua muda."

"Kwa hiyo alikasirika?"

"Sana. Anasema ilimsaidia."

Injinia mwenyewe alikuwa amesimama nyuma ya kochi, amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akasema maneno machache.

"Anaomba radhi yeye," mke wa dereva akatafsiri. "Anasema alidhani unamuuliza kama ule ukuta utaanguka. Na yeye ni mtu wa madaraja. Kuta hana uhakika nazo."

Hapo shangazi alicheka, na ile sauti yake ikarudi yote kwa mpigo mmoja. Mtoto akaangusha chungwa. Kumbe tena mke wa injinia alikuwa na mimba nyingine, changa, na alimtaka yeye, si mwingine. Wakamfundisha neno la kweli. Ni "ikin", fupi kama kubisha mlango, lakini hiyo "i" haitoki mbele ya mdomo, inatoka kooni, kama mtu anayenyanyua gunia.

"Na lile la zamani kama unalipenda," mke wa dereva akaongeza, "toa m ya katikati tu. Biliyorum. Hapo unasema 'najua'."

"M moja?" shangazi akasema. "M moja ndiyo iliyonifedhehesha? Hapana, ulimi wangu naujua. Nipeni hiyo fupi."

Miezi yote iliyofuata alifanya mazoezi uani. Kila aliposema "ikin!", fundi, aliyekuwa akipiga randa pale karibu, aliisukuma randa kwa nguvu bila kukusudia. Alikiri kwamba mbao hazijawahi kulainika vile.

Siku ikafika. Gari la kampuni liliingia getini likipiga honi, shangazi akakimbilia glovu. Alikuwa ametia mkono wa kulia tu, anahangaika na wa kushoto, aliposikia kichanga kinalia koridoni. Mke wa injinia alijifungua kwenye machela, kati ya mlango mkubwa na leba, mikononi mwa dereva aliyemleta, ambaye hakusema neno lolote la lugha yoyote. Alikuwa mtoto wa kike, mzima, mnene. Mama yake akainua kichwa akamwona shangazi na glovu moja, akamtabasamia kwa masikitiko kidogo.

Shangazi alifanya yaliyobaki, akampongeza, akamfunika. Lakini neno alikuwa nalo kooni, limeiva, na halikuwa na pa kwenda. Alipoingia leba alimkuta binti wa muuza mkaa kitanda cha pili, uzao wake wa kwanza, mzaliwa wa mtaa wa pili tu kutoka hapo, anangojea kuambiwa la kufanya.

"Ikin!" shangazi akanguruma. "Ikin, mwanangu! Ikin!"

"Ndiyo, mama!" binti akaitikia, akasukuma.

Nje, bibi yake binti alimshika mkono nesi aliyekuwa anapita.

"Huyo mkunga vipi?"

"Mzima kabisa, bibi. Anamwambia asukume."

"Aa," bibi akasema. "Mimi nilidhani ni chafya."