Nyegere Aliyeamka Ndani ya Tenga

Jua ndiyo kwanza linachungulia juu ya mikorosho ya Makote, wilayani Newala, na Mwanne Mujibu ameshika kiuno, akitazama vipande vya gogo vilivyotapakaa chini. Juzi ulikuwa mzinga. Masega yote yameliwa, na majana ya nyuki pia.

"Huyu ni nyegere," anasema. "Angeiba asali tu ningemsamehe. Anavunja nyumba, anakula na watoto!"

Mfugaji nyuki huyu mjane amebakiwa na mzinga mmoja wenye nyuki. Ukivunjwa huo, kazi imekwisha.

Zamani mumewe, Halfani, ndiye aliyeitundika mizinga juu. Alipofariki, Mwanne akaishusha kwenye panda za chini, maana kwa majirani zake mwanamke akipanda mti kajitafutia maneno. Nyegere akapata karamu. Ngozi yake ni nene na imelegea. Nyuki humchoma hadi wachoke wenyewe.

Lakini lililomrusha roho Mwanne ni la mwezi uliopita. Alimkuta nyegere kalala chali chini ya mkorosho, uso umevimba, kando yake kifutu aliyetafunwa kichwa. Mwizi kaumwa na nyoka! Mwanne akapiga vigelegele peke yake.

"Nikamgusa kwa fimbo, nikamvuta mkia. Kimya. Nikasema leo kijiji kizima kitamwona."

Akamtia kwenye tenga, akalifunga nyuma ya baiskeli. Njiani akakutana na jirani yake, kijana Jumanne.

"Shikamoo, Mama Faidha. Umebeba nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nimebeba adui yangu."

Tenga likakoroma.

Baiskeli ikaenda huku, Jumanne kule. Nyegere akalirarua tenga, akaachia harufu iliyowatoa machozi, kisha akarudi alikotoka, wala hana haraka. Walipomfuata kwa mbali walimkuta anamtafuna kifutu yule yule.

"Maiti, jamani! Maiti imerudi kumalizia chakula!" Mwanne anasema. "Nililia, sijui hata nalia nini."

Bwana wanyamapori alimweleza kwamba sumu ya nyoka humlaza nyegere kwa saa kadhaa, halafu huamka. Maelezo hayakumtuliza. Kwa hofu aliacha kwenda shambani, na mizinga ikazidi kuvunjwa.

Leo amekuja na waya. Anataka kuuning'iniza mzinga uliobaki kwenye tawi la juu, mbali na shina, nyegere asiufikie. Jumanne, aliyemsindikiza, anajitolea kupanda.

"Wewe unaondoka kwenda Tandahimba, mwanangu. Kesho nitamwita nani?"

Amevaa suruali ya marehemu chini ya kanga. Wanawake wawili wanaopita njiani wanasimama, wanaguna. Mwanne anashika tawi la kwanza.

"Semeni tu," anawaambia. "Nyegere kaumwa na kifutu, kaamka, kaendelea na kazi yake. Mimi niliye mzima nishindwe na mti?"

Kisha anavuta pumzi na kupanda.